Kahawa Si Maji

Kifuniko cha birika kiligonga mara tatu gizani, na jiko lilikuwa halijawashwa. Ragna Tveit alikuwa macho tayari. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukamua, alipika kahawa, akamimina kikombe cha mumewe. Yakatoka maji, meupe, ya moto.

Arvid aliyanywa. "Maji tena leo," alisema, akavaa buti zake akaenda kwa ng'ombe.

Hali hiyo ilianza Jumapili ile ya mwaka 1957 ambapo mwenyekiti wa ujenzi, Torkel Myhre, alitandaza ramani ya kanisa jipya mezani. Kanisa la kwanza la usharika wetu wa Kilutheri, hapa Dakota ya Kaskazini, lilijengwa kwa mabonge ya udongo na nyasi zake. La pili lilikuwa la mbao. La tatu litakuwa la matofali, na upande wake wa kaskazini utamwagwa lami ya kuegeshea magari. Makaburi ya kusini yatapata ua mpya. Kaskazini, ramani ilisema, hapana kitu.

Kaskazini walilala watoto kumi na wawili waliokufa bila ubatizo. Wa kumi na mbili alikuwa Leif, wa Ragna.

Leif alizaliwa Februari ya mwaka huohuo, siku ya tatu ya dhoruba ya theluji, barabara zimefungwa na mabomba yameganda. Pumzi yake ilikuwa fupi. Mkristo yeyote anaweza kumbatiza mtoto anayekufa. Ragna alikariri hilo kwenye mafundisho ya kipaimara, akasifiwa. Kilichokuwa karibu na mkono wake ni kikombe cha kahawa, iliyopikwa pamoja na yai kama kila nyumba ya kwetu inavyopika, ya rangi ya asali, imepoa. Akachovya vidole mara tatu, akamnyunyizia usoni, akataja jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto alilamba midomo. Kisha akafa.

Barabara zilipofunguka, Mchungaji Nesheim alikuja, akauliza kwa upole ni nini kilichotumika. Ragna hakujua kusema uongo.

"Mama Synne," alisema mchungaji, kwa kuwa Synne ndiye binti mkubwa, "neno linasema maji. Kahawa si maji. Mungu ana rehema nyingi, lakini daftari ni daftari."

Leif akazikwa kaskazini, bila jiwe.

Mkutano wa kupiga kura uliitwa Alhamisi jioni, katika ukumbi ulio chini ya kanisa la mbao. Wanaume waliketi. Wanawake walisimama jikoni, nyuma ya kidirisha cha kupitishia vyombo. Kwetu wanawake hawakuwa na kura. Matofali yale yalinunuliwa kwa fedha za karamu walizopika miaka kumi na minne, samaki waliolowekwa magadi na viazi, mikono ikichubuka. Lakini tofali haliulizi nani kalipika.

"Tumia birika lako," alisema Bi Oline, mkuu wa jikoni.

"Litatoa maji, Bi Oline."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia."

Bi Oline mwenyewe alivunja yai, akalikoroga na kahawa pamoja na ganda lake. Ragna akachemsha, akazunguka na kumimina.

"Alaa! Ng'ombe wangu wanapewa chenye rangi zaidi ya hiki," alisema mzee Knut Aas, na watu wakacheka.

Mchungaji Nesheim alinusa, akaonja. "Haya ni maji," alisema.

"Mchungaji ana hakika?" aliuliza Ragna, birika mkononi.

"Maji safi kabisa, mama."

"Basi ni birika lilelile la Februari. Na ndani kuna kahawa, Bi Oline ameona."

"Nimeitia kwa mkono huu," alisema Bi Oline kidirishani.

Wanaume arobaini walitazama vikombe vyao, wakakubali ni maji.

"Basi mwandike Leif kwenye daftari la ubatizo," alisema Ragna. "Na mumhamishie kusini kabla ya lami. Yeye na wenzake."

Mchungaji alizungusha kikombe. "Mama Synne, haya yamekuwa maji leo. Februari ilikuwa kahawa."

"Na jambo hili halimo kwenye ajenda," alisema Myhre. "Tena anayelileta hana kura. Wanaokubali ramani?"

Mikono iliinuka. Arvid, ambaye kura alikuwa nayo, alitazama kofia yake magotini. Mkono wake ulichelewa. Kisha ukainuka.

Katibu aliandika: Kahawa imegeuka maji. Ramani imepita kwa kauli moja. Kina mama wanashukuriwa kwa vinywaji.

Kanisa la mbao lilibomolewa Juni. Jipya likawekwa wakfu Oktoba, lina joto mpaka sakafuni. Birika bado linatoa maji, na Ragna hunawisha nayo uso wa Synne kila asubuhi. Theluji ilipoanza, ilionekana kuwa kwenye lami kuna sehemu kumi na mbili ambapo haishiki, kila moja upana wa beseni la kufulia. Watu walifurahi. Waliwahi ibadani ili wagombanie kuegesha hapo, maana hapatelezi, na sehemu ya karibu na mlango, inayonuka kahawa, Myhre alijitengea.

Jumapili moja ya Februari Myhre alikuwa mgonjwa. Arvid aliona pakavu pake pako wazi, akaingiza gari. Ragna alibaki ndani, mikono mapajani. Synne, mwenye miaka mitano, alishuka, akachuchumaa, akachungulia chini ya gari. Kisha akasimama, na wote waliokuwa ngazini, mchungaji akiwa mlangoni, walimsikia.

"Baba, umeegesha juu ya Leif."