Kuku wa Bibi Paraschiva

Smaranda alikunja mikono kifuani, na yule kuku mweusi akabaki kwapani mwa shangazi yake, miguu imefungwa kwa uzi mwekundu. Jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa. Ng'ambo ya kaburi alisimama Catinca, mjane fukara kuliko wote kijijini, ametandaza aproni yake apokee. Kwetu maiti hafukiwi mpaka kuku apitishwe juu ya shimo apewe maskini, kwani kuku huyo ndiye atakayemtangulia marehemu na kumchakuria njia. Naye Paraschiva, kabla hajakata roho, alikuwa ameutaja mkono aliotaka umpitishe: wa Smaranda, mjukuu aliyemlea mwenyewe.

"Haya, mshike," alisema shangazi Veturia.

"Simshiki, shangazi. Kuku hamwokoi mtu."

Mimi ni jirani yao, na sitaficha: nilitamani kumzaba kibao. Alikwenda mjini Craiova kusomea uuguzi, akarudi na dini ya wale tunaowaita Waliotubu, vijana wa magitaa na tabasamu zisizokwisha. Kwao wema wa mtu ni matambara tu mbele ya Mungu. Aokokaye ni aliyemkiri Yesu kwa kinywa chake, basi. Mtoto wa juzi, tayari anajua nani ataingia na nani ataachwa nje! Paraschiva hakuwahi kuinjika chungu asimpelekee Catinca bakuli. Huyo ndiye wa kufundishwa wokovu?

Baba padri alikohoa, akatazama viatu vyake. Veturia hakumngoja.

"Basi tuambie, msomi. Mama yangu yuko wapi sasa hivi?"

"Shangazi, tusiongelee hapa."

"Hapa hapa! Si huko kwenu mnajua kila kitu? Ulipougua surua nani alikesha nawe? Nani alivaa viraka ili wewe usome? Sema, yuko wapi?"

Kwa Smaranda, kunyamaza kulikuwa kumkana Bwana wake mbele za watu, na kusema kulikuwa kumzika bibi yake mara ya pili. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikaikumbuka ile mikono aliyoikunja, huruma ikanitoka.

"Hakuzaliwa mara ya pili," alisema polepole. "Hayuko mbinguni."

"Malizia."

"Yuko motoni."

Hakuna aliyepiga yowe. Veturia alimsukumia kuku kifuani na kumwachia, naye Smaranda akamdaka bila kufikiri. Nadhani ndipo maneno yake mwenyewe yalipomfikia. Alimshika yule kuku mwenye joto, moyo ukimdunda chini ya manyoya, na uso wake ukavunjika. Akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotelewa na mama sokoni. Kisha akainyoosha mikono juu ya shimo.

"Pokea, mama Catinca. Kwa ajili ya roho ya bibi. Nakuomba."

Catinca aliikunja aproni yake taratibu, akaifumbata tumboni. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo lilinitisha.

"Nimekula kwa mkono wake miaka yote," alisema. "Ila kama ni huko ulikosema, mwanangu, kuku huyu amtangulie kwenda wapi?"

Smaranda hakuishusha mikono. Wachimba kaburi waliegemea makoleo yao, na hakuna aliyewaambia waanze.