Karai la Mwalimu Theonest

Mwalimu Theonest hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na shamba la pamba, wala mke, wala saa ya mkononi. Baiskeli hakuwa nayo, na kwa mwalimu jambo hilo lilikuwa karibu na aibu. Upande huu wa ziwa hakuwa na ndugu hata mmoja, maana kwao kulikuwa Bukoba, na alipokufa kwa homa wakati wa masika ya mwaka 1986, waliomchimbia kaburi ni wanafunzi wake, wengine wakiwa na mvi. Subira pia hakuwa nayo. Kutembea polepole kulimshinda. Kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na hakuwahi kumwachia mtu mwingine aigonge. Alikuwa akiigonga huku anakimbia.

Clemens Mageni alikuwa mmoja wa hao wenye mvi. Alijifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu, katika darasa la watu wazima lililoanza jioni watoto walipoondoka. Theonest alifundisha kuzidisha kwa miguu. Ulitaja jibu ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, ukaruka mbele. Ukikosea, ulirudi ukutani. Wazee wazima waliruka huku wameshika viuno, na wake zao wakawachungulia dirishani wakicheka mpaka kanga zikawafunguka. Clemens hakukasirika. Aliruka, akasoma, akaendelea kusoma mpaka akapata cheti, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule ya Ilembeko, mwenye kalamu mbili mfukoni na zote zinaandika.

Kwa hiyo darasa jipya lilipoezekwa bati, na ofisi ya elimu kule Kahama ikauliza liitwe nani, hapakuwa na mjadala. Liitwe Theonest. Kilichobaki ni Clemens kuandika barua na kueleza maisha ya marehemu.

Abdu ndiye aliyetia mchanga kwenye chakula. Alikuwa na duka njia panda, na chini ya kaunta alikuwa na mzani mdogo ambao kila mchimbaji wa dhahabu aliujua na hakuna aliyeutaja. Clemens alikwenda kwake kununua bahasha.

"Mwenyekiti," Abdu alisema, akiitafuta bahasha kwa uvivu, "jina mkishaliandika kwenye ukuta wa saruji, mtalifuta na nini?"

Clemens akamwuliza kwa nini lifutwe. Abdu akamkumbusha yale ambayo kila mtu alikuwa ameyaona. Kila Jumamosi baada ya chakula, Theonest alishika njia ya kilimani akiwa na karai lililofunikwa kwa karai jingine. Alirudi jua linazama, magoti yamejaa udongo mwekundu. Na kule kilimani palikuwa na mtaro mrefu ambao Wazungu waliuchimba zamani wakitafuta dhahabu.

Katika nchi hii ya dhahabu, mtu mwenye karai na matope magotini haulizwi anatoka wapi. Alipokuwa hai watu walicheka tu, wakasema mshahara wa mwalimu huchelewa, acha naye ajikune.

"Wachimbaji wote wa upande huu ni rafiki zangu," Abdu aliendelea. "Yeye hakuniletea hata chembe. Sasa mchimbaji asiyeniuzia mimi anamuuzia nani? Huyo ndiye wa kuogopa." Kisha akashusha sauti. "Na wachunga ng'ombe wameona nyayo za watoto mle mtaroni, mwenyekiti. Za watoto."

Clemens alilipa bahasha na kuondoka bila kuaga. Njiani neno hilo la mwisho lilimtafuna. Dhahabu angeweza kuisamehe. Lakini mwalimu anayewashusha watoto wa watu shimoni wamchimbie, huyo jina lake haliwezi kukaa juu ya mlango wa darasa, na mkono wa Clemens hauwezi kuliandika.

Vitu vya marehemu vilikuwa stoo ya shule, na ufunguo alikuwa nao yeye. Akayatoa makarai. Alijua karai la kuoshea dhahabu lilivyo: mchanga hulisugua mpaka likang'aa ndani kama sahani. Haya hayakung'aa. Moja lilikuwa limeungua ndani, jeusi tii, bati limejikunja kwa moto. Akakaa juu ya gunia. Wachimbaji hushika dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki ipae. Basi Theonest hakuwa akiosha tu. Alikuwa anachoma kabisa, kama fundi.

Tangu hapo Clemens akaanza kumsoma mwalimu wake upya, kila mstari kwa maana mbaya. Ile haraka yake, alikuwa akiwahi wapi? Kule kukataa kuoa, ni kwa sababu mke angeona nini? Hata kicheko chake, ambacho kijiji kizima kilikipenda, sasa Clemens alikisikia kama mlango unaofungwa ili usione ndani. Mkewe alimwambia ale, akasema ameshiba.

Jumamosi asubuhi alishika njia ya kilimani. Aliukuta mtaro. Kingo zake zilikuwa zimeota majani, hapakuwa na udongo mpya wala alama ya sururu. Chini, kwenye udongo mwekundu uliolainika kwa mvua, mawe yalikuwa yamepangwa mstari, madogo, ya kukaliwa na watu wafupi. Alitazama mawe yale kwa muda mrefu na hakupata faraja. Watoto walikuwa wamekaa hapa. Walikaa wakifanya nini?

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kujua, na mtu huyo haulizwi.

Ng'ambo ya mtaro palikuwa na nyumba ya Mama Justa. Miaka miwili nyuma mwano ulipigwa usiku, ule ukelele wa hatari ambao kila nyumba ni lazima iuitikie kwa kutoa mtu mwenye silaha. Nyumba hiyo haikutoa mtu. Mume alikuwa machimboni Geita, mke alikuwa na kichanga cha siku chache. Sungusungu, walinzi wa kijiji, waliwatoza ng'ombe. Mume akarudi, akatukana badala ya kulipa, akaondoka tena na hakuonekana. Basi nyumba ikatengwa. Hakuna wa kuwasalimu, wala kuwapa maji wala moto, wala kuwasagia mahindi, na anayefanya hivyo anatengwa pamoja nao. Watoto wao waliacha shule wenyewe, kwa kuwa kila dawati walilokalia lilihamwa. Clemens alikuwepo kwenye mkutano ule. Alinyoosha mkono kama wengine.

Mama Justa alikuwa anapepeta mtama. Alimwona akija na hakusimama.

"Mwangaluka, mayu," Clemens akasema. Ilikuwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ile ya kawaida kabisa, na ilimtoka kwa taabu kama mtu anayeinua mzigo.

Mwanamke akaendelea kupepeta. Clemens akaeleza kwamba amekuja kama mwenyekiti wa kamati, kwa swali moja tu kuhusu marehemu mwalimu.

"Mwenyekiti ananiuliza, halafu akishuka kilima anasema hakuja," Mama Justa akasema. Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji, akamshikisha. "Kunywa kwanza. Nikiongea, nataka kuongea na mtu."

Clemens aliyatazama yale maji. Aliwafikiria wake wa wanawe, mashine ya kusaga, meza yake ya kamati. Kisha akanywa mpaka kata ikakauka, akampa, na salamu yake ikaitikiwa.

"Alikuwa analeta moto," akasema Mama Justa. "Kiberiti hakikupatikana hata kwenu, sembuse sisi. Moto wangu ulizimika siku ya mvua kubwa, nikakaa na watoto tukitafuna mtama mbichi. Yeye akaja na makaa kwenye karai, kafunika. Tangu siku hiyo kila Jumamosi. Kufundishia nyumbani kwangu aliogopa, angeonekana na maneno yangeanza, basi akawafundisha watoto mle shimoni. Hapakuwa na ubao. Alikuwa anapiga magoti, anawaandikia chini."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe ndiye mtu wa kwanza kunisalimu tangu azikwe."

Clemens hakuridhika mara moja. Shaka ikishakaa ndani ya mtu haitoki kwa kuambiwa. Mtoto mkubwa, Justa, alikuwa amesimama mlangoni. Akamwuliza ghafla, kwa sauti ya kamati, saba mara nane ni ngapi.

Justa akainua mguu mmoja, akasimama kama korongo. "Hamsini na sita," akasema, akaruka mbele.

Hapo Clemens akageuza uso, akatazama upande wa bonde kwa muda, akijifanya anakohoa.

Barua aliiandika siku ileile, kwa kalamu yake nzuri. Alieleza rimu ya lori na wazee walioruka. Alieleza karai. Akafika mahali pa kusema amejuaje, na hapo kalamu ikasimama, kwa sababu barua za kamati husomwa kwanza mbele ya kijiji. Kisha akaandika kwamba yeye, Clemens Mageni, aliambiwa na Mama Justa baada ya kumsalimu na kunywa maji nyumbani kwake, na kwamba kamati inaomba watoto wa nyumba hiyo wakae dawati la mbele katika darasa litakaloitwa Theonest.

Jumatatu akaisoma mbele ya mkutano. Hakuna aliyepiga makofi. Watu waliokaa kwenye benchi lake walisogea kidogo, mmoja baada ya mwingine, na kamanda wa sungusungu akasema suala la mwenyekiti litazungumzwa. Kikongwe mmoja wa lile darasa la jioni alibaki palepale alipokuwa amekaa, begani kwake.

Lori la pamba la kwenda Kahama lilikuwa limesimama dukani kwa Abdu. Clemens akaomba kaunta, akaikunja barua, akapaka kingo za bahasha uji wa muhogo aliokuja nao kwenye jani, akaibana kwa kiganja.

"Umeandika nini kuhusu dhahabu?" Abdu akauliza. Mkono wake haukunyooshwa kuipokea bahasha.

"Kwamba alikuwa anabeba moto."

Clemens akaipuliza gundi ikauke, akatoka, akamkabidhi dereva mwenyewe, na akasimama barabarani mpaka vumbi la lori likatua.