Mtani Hanyimwi Uji

Kabla ya likizo ya Juni, kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kumvalisha mbuzi wa shule tai ya mwalimu wa zamu na kumfungia katika ofisi ya walimu. Nilipewa adhabu ya kulima robo eka. Nikalima, nikajihesabu mtu aliyetakaswa. Kumbe nilikuwa bado sijaanza.

Likizo ile nilikwenda kwa bibi mzaa mama, Bibi Evodia. Ni muuguzi mstaafu. Alipostaafu, badala ya kufuga kuku kama wenzake, alichukua nyumba iliyokuwa ya karani wa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, akaanza kufuga wazee. Neno kufuga ni langu. Yeye husema kulea. Wako kumi na mmoja. Wengi ni watoto wa watu waliokuja zamani kukata mkonge, wakazeeka hapa hapa bila kujua tena njia ya kwao.

Wawili kati yao nitawataja kwa majina, maana ndio walioharibu kila kitu, baada yangu. Mzee Valentino ni Mnyamwezi. Alikata mkonge miaka thelathini, na sasa mikono yake inatetemeka hata akishika leso. Mzee Athuman ni Mzigua wa Kabuku, upande wa Handeni. Alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, na sauti yake haijastaafu. Wanalala chumba kimoja, vitanda vinatazamana. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, na hawa wawili utani wameufanya ibada.

"Mama Evodia," Mzee Athuman huanza, uji unapoletwa saa nne asubuhi, "huyu mtumwa wangu leo asipewe. Amenenepa. Akifa nani atambeba?"

"Utanibeba wewe," hujibu Mzee Valentino. "Punda wa Kabuku kazi yake nini?"

Siku moja nikachukua simu ya Bibi, nikarekodi. Nilimlenga Mzee Valentino, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa huzuni ya kuigiza, huku sauti ya mwenzake ikitoka pembeni: "Asipewe uji. Akifa tumfunge kamba za mkonge tumtupe Mto Pangani, mamba nao wapate kitoweo." Sekunde ishirini na mbili za raha tupu. Kilichofuata sikuona kama kinachekesha, nikakikata na kukifuta. Hizo sekunde nikamtumia Yasinta, rafiki yangu wa bweni.

Yasinta alimtumia binamu yake. Binamu akaweka muziki wa msibani. Mtu mwingine, ambaye hadi leo sijamjua, akaandika juu ya video kwa herufi kubwa kwamba wazee wa Korogwe wananyimwa chakula. Baada ya hapo nchi nzima ikalia, na wiki haikuisha ikaja barua ya ustawi wa jamii. Afisa atafika Alhamisi. Malalamiko yakithibitika, makao yatafungwa na wazee watahamishwa.

Bibi aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya kopo la majani ya chai, akaendelea kuchambua maharage.

"Bibi, wakihamishwa watakwenda wapi?"

"Athuman ana mpwa wake Kabuku, Muhsin. Atamchukua. Valentino hana mtu. Atapelekwa makao ya serikali, mkoa wowote wenye nafasi." Akatupa jiwe dogo lililojificha kwenye maharage. "Sijui huko nani atamshikia kijiko."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuungama, yenye utangulizi na hitimisho, kama tunavyofundishwa. Yakatoka maneno matatu: "Bibi, nilirekodi mimi."

Hakunipiga wala hakunifokea. Heri angefoka. Alisema, "Afisa akija utamweleza mwenyewe. Mwanzo na mwisho."

"Mwisho niliufuta."

"Ndiyo maana utaueleza."

Afisa alikuja Alhamisi saa tatu, kwa bodaboda, jalada kubwa likiwa kwapani. Aliitwa Bi Joyceline. Nilimwamkia, nikamweleza yote nimesimama wima kama paredi. Alinisikiliza hadi nilipofika mwisho.

"Utani naujua," alisema. "Kazi hii nimeifanya miaka tisa. Kila ninayemkuta anamtesa mzee huniambia ni utani. Wengine huapa. Kwa hiyo nitawauliza wenyewe."

Hilo ndilo nililoliogopa. Jana yake Bibi alikuwa amewakalisha wazee wawili akawasihi waseme kweli, nao wakaitikia ndiyo kama watoto wa kipaimara. Lakini mtani anayekiri mbele ya mgeni kwamba mtani wake ni mtu mwema amekwisha. Atasimangwa mpaka kaburini, na akishazikwa atasimangwa tena.

Mzee Valentino alikuwa chumbani mwao, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Bi Joyceline akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee wangu. Ni kweli unanyimwa uji?"

Mzee Valentino akamtazama Mzee Athuman. Mzee Athuman akamtazama yeye, nyusi juu, akingoja.

"Kweli kabisa," akasema Mzee Valentino. "Tangu Pasaka sijaonja."

"Nani anakunyima?"

"Huyo."

"Mzee Athuman, ni kweli?"

"Ni kweli. Na kesho hapati."

Kalamu ikaandika. Bibi akashika mwimo wa mlango.

"Wazee wangu," alisema Bi Joyceline taratibu, "mnaelewa kwamba nikiandika hivi nyumba hii itafungwa? Kila mmoja atakwenda kwake."

Walielewa. Lakini kila mmoja alimngoja mwenzake alegee kwanza, na hakuna aliyelegea. Nimekwisha kuona mabweni mawili yakishindana kuvuta kamba mpaka kamba ikakatika. Wale walikuwa watoto, hawa wana miaka themanini.

Kwa baba yangu mimi ni Mzigua. Katika misiba ya Handeni nimeona mtani akishuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akakataa kutoka. Maziko husimama. Wafiwa hawana haki ya kukasirika. Lazima wamkomboe kwa kuku au chochote anachodai. Nikavua kandambili, nikapanda kitandani kwa Mzee Valentino, nikajinyoosha, nikakunja mikono kifuani na kufumba macho.

"Hafsa, unafanya nini?" akauliza Bibi, kwa sauti ya mtu aliyechoka na ukoo mzima.

"Nimelala kaburini kwa mtani wangu. Mimi Mzigua, binti Sharifu. Sitoki mpaka Mnyamwezi anikomboe."

"Mtoto wewe, mimi bado sijafa," akasema Mzee Valentino.

"Nawahi nafasi, babu."

Mzee Athuman akapiga kofi gotini. "Damu yangu hiyo. Dai kuku. Dai jogoo."

"Sitaki kuku. Nataka neno moja la kweli, mbele ya mgeni. Nani anakupa uji?"

Nikafumbua jicho moja. Mzee Valentino alikuwa akiitazama mikono yake inayocheza juu ya magoti. Kumsifu mtani bure ni aibu. Kumkatalia mtani aliyelala kaburini ni aibu zaidi. Fidia, hata hivyo, si sifa. Ni fidia tu.

"Umenipiga bei mbaya," alisema hatimaye. "Haya. Ananilisha huyo punda. Tangu mikono hii ilipogoma, asubuhi na jioni. Nikimmwagia kanzu atanitukana mimi na wazazi wangu, lakini hajifuti mpaka nimeshiba."

Mzee Athuman akageukia ukutani, akasoma kalenda ya mwaka juzi.

Bi Joyceline hakuandika. Alitazama saa yake. "Nitasubiri huo uji," alisema, akavuta kiti.

Uji ukaja. Mzee Athuman akasogeza kigoda, akamfunga mwenzake kitambaa chini ya kidevu, akachota, akapuliza.

"Fungua mdomo, mtumwa. Mgeni amekuja kutazama maziko."

"Pumzi yako ya ng'ombe."

"Meza."

Kijiko baada ya kijiko, tusi baada ya tusi, bila haraka, mpaka bakuli likawa tupu. Tone lilipodondoka kwenye kanzu, aliliacha pale pale. Hii ndiyo sehemu niliyoikata. Nilikuwa bado nimelala kaburini, na nilifurahi kuwa na sababu ya kufumba macho.

Bi Joyceline akafuta mstari mmoja, akafunga jalada. Alipofika mlangoni, Mzee Athuman alikuwa amerudiwa na sauti yake ya mnadani.

"Mama, wewe kabila gani?"

"Msukuma wa Maswa."

"Msukuma na Mnyamwezi baba mmoja. Basi na wewe mtumwa wangu, na umekuja kwangu mikono mitupu."

Yule mama akarudi hatua mbili, akamvua kofia kichwani, akaitia ndani ya jalada. "Aje aikomboe ofisini," akamwambia Bibi, akapanda bodaboda.

Bahasha ya ustawi wa jamii ilikuja siku mbili kabla sijarudi shule. Siku zote hizo nilikuwa nafua kanzu ya Mzee Athuman, adhabu ya Bibi. Alitusomea barua kwa sauti saa ya uji: makao yaendelee, ngazi ya mlango wa nyuma iwekewe mteremko, simu zisiingie vyumbani mwa wazee. Hiyo ya mwisho aliisoma akinitazama mimi.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kofia, imefuliwa na kupigwa pasi. Mzee Valentino ndiye aliyeiwahi. Ilimchukua muda mrefu kuifikisha kichwani, mikono ikienda huku na huku, na hakuna aliyemsaidia. Ilikaa upande.

"Vua kofia yangu," akasema Mzee Athuman.

"Ikomboe."

Mzee Athuman akamtazama, akatazama bakuli, akachota uji, akapuliza.