Ndege wa Upande wa Kushoto

Ndege yule ana madoa kifuani na haya kupita kiasi. Hukaa chini ya vichaka vya msitu wa mlimani, na kwetu Kashebere kila mtu alimsikia, lakini waliomwona waliona mkia tu. Baba yangu mdogo Barthélemy, mwindaji, alikuwa na sheria moja: ndege huyo akipiga mluzi kushoto kwako unapoanza safari, unarudi nyumbani. Jumapili alikuwa Mkristo. Siku nyingine alikuwa Mkristo anayesikiliza upande wa kushoto.

Mwaka 1951 tulitakiwa kumpeleka binti yake Sidonie kwa mume, huko Masisi. Hakuwahi kumwona huyo mume, wala hakumtaka. Tulipoingia msituni, mluzi ukalia kushoto. Tukarudi. Juma lililofuata ukalia tena, tukarudi tena, na kasiksi, ile pombe ya ndizi niliyoibeba kichwani, tukainywa wenyewe isije ikaharibika. Mimi nilikuwa natembea karibu na Sidonie, na kila ndege alipolia niliona midomo yake imechongoka. Nikanyamaza. Kasiksi ilikuwa nzuri.

Mwishowe bwana harusi, Honoré, akaja mwenyewe kuuliza kuna nini. Akateleza uani, akaanguka kifudifudi kwenye tope mbele ya wakwe, akainuka, akaanza kusalimia mmoja mmoja kwa heshima zote, tope likimdondoka puani. Akamfikia Sidonie.

"Jambo, dada. Huku kwenu kunateleza."

Sidonie alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni akamuuliza mama yake tunaondoka lini.

Tukaondoka kesho yake, Honoré akiwa nasi. Msituni, kushoto, ndege akalia.

Sidonie alikuwa anatafuna muhogo, mashavu yamejaa, na baba yake aliuona muhogo huo vizuri kama mimi. Akasimama. Kwa ajili ya ndege huyo alishawahi kumwacha nguruwe aliyemjeruhi kwa mkuki, kwa hiyo tulijua tunarudi. Machozi yakamjaa Sidonie. Akameza.

"Papa," akasema, "ni mimi niko napiga mluzi."

Ndege akalia tena, yeye akiwa bado anasema.

Barthélemy akamtazama. Nilimwonea huruma, maana alikuwa anaogopa kweli.

"Basi uache, mama," akamwambia. "Uko unanitia woga."

Kisha akahamia kushoto, kati ya binti yake na kichaka, tukaendelea.