Picha Mbili za Kuvukia Mto

Mpiga picha alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kamera ameiegemeza juu ya kandambili, akimsubiri panzi mmoja ageuze uso.

"Inua kidevu," alimwambia.

Wadudu wote aliwaambia hivyo. Ndivyo alivyowaambia watu miaka yote aliyokuwa na studio mjini, mpaka watu walipoanza kujipiga wenyewe kwa simu, naye akafunga mlango na kurudi kijijini. Wazazi walikuwa wameshafariki. Wiki nyingine zilipita bila yeye kutamka neno kwa binadamu, kwa hiyo aliongea na wadudu ili sauti isiote kutu.

Panzi akainua kidevu. Kisha akauliza kama angeweza kupata mbili.

"Mbili za nini?"

"Ndogo, za pasipoti. Ng'ambo ya mto hawatupokei bila picha."

Mpiga picha aliingia ndani, akatoa shuka jeupe na kulitundika ukutani, akaweka kigoda mbele yake. Kufikia mchana foleni ilikuwa imezunguka pipa la maji. Vunjajungu aliombwa ashushe mikono. Jongoo aliambiwa miguu haihitajiki, kichwa na mabega vinatosha. Kinyonga alipigwa mara tatu, na mara zote alitoka mweupe kama shuka lililokuwa nyuma yake, akaambiwa arudi na rangi nyingine. Kumbikumbi waliuliza picha zitakuwa tayari lini, na waliposikia ni kesho walitazamana, kwa sababu kesho haikuwamo katika mipango yao. Basi mpiga picha akaileta mashine ya kuchapishia mlangoni, akawa anawapa hapo hapo.

Walikuwa wanaikimbia dawa. Shamba la matikiti la mdogo wake lilizunguka nyumba pande tatu, na mwaka huo mdogo wake alipulizia kila alipopata nafasi. Alasiri alipita na bomba mgongoni, akamruka jongoo ili asimkanyage.

"Naona biashara imerudi, kaka."

"Wanahama. Dawa yako inawafukuza."

"Basi dawa ni nzuri. Aliyeniuzia nilidhani ananipiga."

"Niachie mstari mmoja tu. Huu wa chini ya dirisha langu."

"Nikiacha mstari mmoja watakula na ule wa pili, halafu wa tatu, mwishowe watakuja kunila mimi. Kaka, wewe umezoea picha, kitu kinakaa pale pale ulipokiweka. Shamba halikai." Akasogeza mkanda wa bomba begani. "Ukikosa wa kuongea naye njoo nyumbani. Shemeji yako anaongea kwa niaba ya watu wanne."

Mpiga picha aliwahi kwenda. Alikaa kwenye kochi mpaka taarifa ya habari ikaisha, akaaga, na wote wakamwambia karibu tena bila kuondoa macho kwenye televisheni.

Jua lilipoanza kulegea walifika nyuki. Hawa walikaa ndani ya ufa wa ukuta juu ya kitanda chake, tangu enzi za baba yake. Mngurumo wao ndio uliomlaza kila siku, na kwa ajili yake aliweza kusema, bila kujidanganya sana, kwamba haishi peke yake. Walikuja wote, mmoja nyuma ya mwingine, wa kwanza akatua kigodani na kukunja mbawa vizuri.

Aliwapiga wote. Wino ulikuwepo, karatasi ilikuwepo.

"Mashine imegoma," alisema. "Njooni kesho."

Ni maneno ya mafundi wote. Mjini aliyasema kila alipotaka kwenda kula, na wateja walinung'unika, wakaondoka, wakarudi. Nyuki hawakunung'unika. Waliuliza kama foleni yao italindwa. Alisema italindwa. Usiku huo mngurumo ulikuwa mahali pake, naye akalala kama mtoto aliyeshiba.

Asubuhi mdogo wake alipulizia mapema, kabla jua halijawa kali, na upepo ukaelekea nyumbani. Nyuki walikuwa wamekwisha kujipanga. Mpiga picha alipofungua mlango aliwakuta wamekufa chini ya shuka, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Hakuna aliyekuwa amemruka aliyemtangulia.

Alizichapisha picha zote. Alizikata kwa mkasi, mbili mbili, akazitia kwenye bahasha na kuziweka dirishani, mahali mteja angeweza kuziona bila kugonga.

"Pole, kaka," mdogo wake alimwambia. "Nilidhani wameshaondoka. Wewe huwa unamaliza kazi mapema."

Matikiti yakachanua. Maua yalikuwa mengi na mazuri, kisha yakaanguka, na vitikiti vilivyokuwa chini yake, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba, vikageuka manjano na kuanguka pia. Mdogo wake aliuliza kwa watu wanaojua. Akarudi na brashi nyembamba, ya kuchorea.

"Ua dume ni hili. Jike ni lile lenye kitikiti kwa chini. Unachukua unga huku, unapaka kule, kama nyuki. Wangu mimi mkono unatetemeka kwa bomba, lakini wako umetulia. Na hapa hapa ni kwako, hutaenda mbali."

Mpiga picha aliipokea brashi. Alianzia mstari wa chini ya dirisha lake, akiinama kwenye ua, akitoka, akiinama kwenye jingine. Shambani hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ya bomba, likipuliza kwenye mstari wa pili.

"Geuka kidogo, kaka," mdogo wake alisema. "Upepo unakuja kwako."

Aligeuka kidogo, akaendelea na ua lililofuata.