Kifungo cha Tatu cha Koti la Studio

Usiku wa jana niliota nimekamatwa na suruali.

Nilistahili. Mchana, mimi na mdomo wangu, niliitazama picha ya babu Kobelo akiwa amepakata mtoto mchanga, nikamwambia mama, "Suruali ya kubana hii, ni miaka ya sitini. Wewe umezaliwa sabini na nne, enzi za bugaluu, suruali pana miguuni. Huyo ni marehemu dada yako Mwanahawa."

Maisha yake yote mama aliamini mtoto yule ni yeye, mara moja tu aliyopakatwa na baba yake kabla hajafa. Aliirudisha picha kwenye kopo la biskuti, kati ya sindano na vifungo.

Basi, ndotoni suruali inaniburuta hadi studio. Mlangoni kuna pasi ya mkaa, inakagua watu.

"Hapa unaingia na umri wa nguo zako," inasema.

Nimevaa kaptura ya darasa la tatu. Papo hapo nina miaka tisa na kamasi.

Babu ameketi mbele ya pazia lililochorwa ziwa, amempakata yule mtoto mchanga. Maji yananilowesha miguu.

"Shikamoo babu. Mbona mavazi ya kizamani?"

"Marahaba, mjukuu wangu mjuaji. Yangu yana viraka. Haya nimeazima kwa mpiga picha."

"Wilaya nzima imenivaa," koti linadakia. "Maharusi, walimu, hata mwizi mmoja, mpole kweli. Ila huyu mtoto kaninyofoa kifungo cha tatu!"

Naigeukia kadi ngumu ya kijivu iliyobandikwa picha. "Na wewe umeazimwa?"

"Kadi haiazimwi, bwana mdogo. Za kijivu tumeletwa mwaka wa sabini na nne. Zamani zilikuwa nyeupe."

"Fanya haraka, fundi," babu anamwambia mpiga picha. "Nikitoka hapa nakwenda kulazwa."

Anamnusa mtoto utosini, taratibu, kama mtu anayejaza kibuyu cha safari ndefu. Mwanga unapiga.

Nikaamka, nikaliendea kopo. Kadi ya kijivu. Koti, kifungo cha tatu hakuna. Ngumi ya mtoto imefumbwa.

"Mama, hiki kifungo cha pembe humu koponi ni cha nguo gani?"

"Sijui. Bibi yako alinifunga nacho shingoni nikiwa mdogo. Hakusema cha nini."

Nikakiweka juu ya picha, kando ya vile viwili vilivyobaki. Ndugu watatu.

Mama akakichukua, akakifumba kiganjani, ngumi ileile.