Aliyevikwa Kosa

Tangu asubuhi Mahbuba hakutulia. Alifungua sanduku la mama yake kuhakikisha nguo za Hija zimo, akalifunga, akalifungua tena. Kesho Bi Sayyida anasafiri kwenda Makka, na leo, kama ilivyo ada, alishinda kwenye simu kuomba radhi kwa kila anayemjua, hata muuza samaki aliyewahi kumfokea.

Ghadeer, mke wa Humaid kaka yake Mahbuba, hakupigiwa.

"Yule aniombe yeye," alisema Bi Sayyida. "Joho la marehemu baba'enu kaliunguza yeye."

Miaka miwili nyuma joho lilitandazwa juu ya chetezo lifukizwe udi, likashika moto. Ghadeer ndiye aliyeonekana mwisho chumbani. Alikana, hakuaminiwa, na tangu hapo haji kutoka Qurayyat anakokaa, hata Idi. Kumbe makaa aliyazidisha Mahbuba, akatoka kuzungumza kwenye simu. Kesho yake akapanda ndege kwenda Galway, Ayalandi, kusomea lugha, kimya kama maji ya mtungi. Msomi mzima.

Huko nako likamfuata. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni locht, neno la Kiayalandi la kosa. Ni la kale, akasema. Kiingereza cha zamani kilikuwa na ndugu yake, leahtor, yaani dhambi au uovu. Locht ni ila ya kitu, na ni lawama pia. Na Waayalandi husema locht iko juu ya mtu. Wenzake waliandika. Mahbuba alimwona Ghadeer akilini, amevikwa kosa kama nguo isiyo yake, kalamu ikamshinda.

"Na wewe, mwanangu," Bi Sayyida aliweka simu chini, akamgeukia, "kama nimekukosea, nipe radhi."

"Mama, lile joho nimeliunguza mie. Ghadeer hajui kitu."

Bi Sayyida alikaa kitako juu ya sanduku. Mahbuba alitamani afokewe, lakini hakufokewa.

"Nisamehe, mama."

"Mie mwenyewe nna wa kumwomba," alisema Bi Sayyida, akichukua abaya yake. "Washa gari. Mlangoni kwake utatangulia wewe."

Walitoka kwao Wattaya. Njia nzima Mahbuba alitamani Qurayyat isogee mbali, na papo hapo alitamani wafike. Mama yake alisema mara moja tu, akitazama dirishani.

"Idi nne, Mahbuba. Idi nne mtoto wa watu hakula chakula changu."